Bomba la Gesi Linapopiga Mluzi: Chanzo cha Sauti na Mtetemo, na Haki ya Mtumiaji

Mtumiaji wa gesi hufundishwa kuitegemea pua yake. Gesi ya kupikia haina harufu ya asili. Hutiwa kemikali yenye harufu kali kwa makusudi, ili ikivuja hata mtu asiyejua lolote kuhusu gesi atambue kuwa kuna hatari. Sikio halitajwi sana katika mafunzo hayo. Hata hivyo, wako watumiaji, hasa wenye majiko makubwa ya hoteli, mikahawa, shule na hospitali, wanaosikia sauti isiyokuwa na harufu: mluzi mwembamba au mvumo mzito unaoanza pale majiko kadhaa yanapowashwa kwa pamoja, ukapanda na kushuka kadiri moto unavyoongezwa na kupunguzwa, kisha ukanyamaza ghafla. Mpishi huuliza kama jengo litalipuka. Fundi hujibu kwamba gesi ina presha kubwa na atairekebisha. Mara nyingi hofu ya mpishi imezidi kiasi, na jibu la fundi si sahihi.

Makala hii inaeleza sauti hiyo inatoka wapi, wakati gani ni kero tu, wakati gani ni dalili ya hatari, na mtumiaji adai nini kwa aliyemfungia mfumo. Inahusu wanaotumia gesi ya mitungi, na pia watumiaji wa gesi asilia inayotoka Songo Songo na Ghuba ya Mnazi, ambayo sasa hufika kwa mabomba katika viwanda, taasisi na baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara.

Bomba lenye migongo

Bomba linalozungumziwa hapa ni lile la metali la kupindika, linalounganisha bomba kuu la ukutani na jiko, tanuri au hita ya maji. Ukilitazama kwa nje utaona migongo na mabonde yaliyopangana kwa karibu, kama bati la kuezekea lililoviringwa likawa mrija. Mengine hufunikwa kwa wavu wa nyuzi za chuma cha pua, hata migongo haionekani, lakini ndani imo. Migongo hiyo ndiyo inayolipa bomba uwezo wa kupinda bila kuvunjika, kwa kuwa ukuta wake ni mwembamba sana, mara nyingi chini ya nusu milimita. Bomba nyoofu la metali yenye unene huo lingekunjika na kuziba mara tu unapolipinda.

Mpira wa gesi wa kawaida, ule wa rangi ya chungwa au mweusi unaotoka kwenye regulata ya mtungi hadi jikoni, haumo katika habari hii. Kwa ndani ni laini, na mrija laini hauimbi kwa namna tutakayoieleza. Kwa hiyo anayesikia mluzi akiwa na mpira wa aina hiyo atafute chanzo kingine, na tutavitaja vyanzo hivyo mbele.

Sauti inavyozaliwa

Msomaji anaweza kulishuhudia jambo lenyewe bila gesi na bila gharama. Chukua kipande cha mrija wa plastiki wenye migongo, kama ule wa kupitishia nyaya za umeme, chenye urefu wa karibu sentimita 75 na kilicho wazi pande zote mbili. Kishike ncha moja, ukizungushe hewani juu ya kichwa kama kombeo. Kitaimba. Ukizungusha kwa kasi zaidi, sauti haitapanda polepole kama king'ora, bali itaruka kutoka noti moja hadi nyingine iliyo juu yake, kama mtu apandaye ngazi. Rudia jaribio kwa mrija laini wa urefu uleule. Utasikia upepo tu.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha maelezo yote. Gesi ipitapo juu ya bonde moja la bomba, hutengana na ukuta kwenye ukingo wa kwanza na kuvuka uwazi hadi ukingo wa pili. Katika kuvuka huko, tabaka jembamba linalotenganisha gesi iendayo kasi na gesi iliyotulia ndani ya bonde hujiviringa na kuwa visulisuli vidogo. Kila kisulisuli kikiugonga ukingo wa pili hutoa msukumo mdogo wa sauti. Ni jambo la jamii moja na lile la kupuliza mdomo wa chupa tupu ya soda: pumzi hupita juu ya uwazi, na chupa huvuma.

Bonde moja peke yake halisikiki. Lakini bomba la mita moja na nusu lina mabonde mamia. Kama kila bonde lingetoa misukumo yake kwa wakati wake, matokeo yangekuwa mfano wa watu wanaopiga makofi ovyo uwanjani, yaani kelele isiyo na umbo. Kinachobadilisha hali ni urefu wa bomba lenyewe. Kila mrija una noti zake, zinazotokana na urefu wake na mwendo wa sauti ndani ya gesi iliyomo. Marudio ya visulisuli yakikaribia mojawapo ya noti hizo, wimbi la sauti hujengeka ndani ya bomba, nalo hurudi kuyaamuru mabonde yote yatoe visulisuli kwa pamoja. Makofi ya ovyo yanageuka makofi ya ngoma. Nguvu yote hutoka katika mtiririko wa gesi. Hakuna kitu kilichovunjika wala kilicholegea kinachohitajika ili sauti itoke. Bomba jipya, zima, lililofungwa kwa uangalifu laweza kuimba tangu siku ya kwanza.

Kanuni inayotawala marudio hayo ina historia ndefu. Mwaka 1878 mwanafizikia Vincenc Strouhal wa Bohemia, alipochunguza sauti ya nyaya zinazopigwa na upepo, aliona kwamba marudio ya sauti hupanda sawia na kasi ya upepo na hupungua kadiri waya unavyokuwa mnene. Uhusiano wa namna hiyohiyo hutumika kwa mabonde ya bomba: marudio huwa takriban mbili ya tano hadi nusu ya kasi ya gesi ikigawanywa kwa nafasi iliyopo kati ya mgongo na mgongo. Kiwango kamili hutegemea umbo la bonde. Bonde ambalo ukingo wake wa kwanza, upande ambako gesi inatokea, umeviringwa huimba kwa nguvu zaidi kuliko lenye ukingo mkali. Wengi wangedhani kinyume chake.

Kwa nini jiko la nyumbani hunyamaza

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini malalamiko haya hutoka kwa wenye majiko makubwa. Plati moja ya nyumbani yenye nguvu ya kilowati 3, ikitumia gesi ya mtungi, huchoma takriban sentimita za ujazo 30 za gesi kwa sekunde. Zikipita katika bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 8, kasi yake ni kama sentimita 60 kwa sekunde, pungufu ya mwendo wa mtu atembeaye taratibu. Kwa kasi hiyo visulisuli ni dhaifu mno kuweza kushinda msuguano, na bomba hukaa kimya.

Sasa tuchukue jiko la hoteli linalotumia gesi asilia, lenye plati na tanuri zinazofikia jumla ya kilowati 60 zote zikiwaka. Mita moja ya ujazo ya gesi hiyo ina nishati ya takriban megajuli 38, kwa hiyo jiko linahitaji karibu lita 1.6 kila sekunde. Fundi akiweka bomba la migongo lenye kipenyo cha ndani cha milimita 15, gesi italazimika kupita kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Ikiwa nafasi ya mgongo hadi mgongo ni milimita 5, marudio ya visulisuli yatakuwa kati ya hezi 700 na 900, ndani kabisa ya eneo ambalo sikio la binadamu husikia vizuri.

Mwendo wa sauti katika gesi asilia ni karibu mita 440 kwa sekunde, nayo migongo huupunguza kidogo. Tukiuchukua kuwa mita 400, bomba la mita 1.5 litakuwa na noti zinazopishana kwa hezi 130 hivi. Ngazi ya sita ya noti hizo huangukia karibu na hezi 800. Hapo ndipo mpishi atakaposikia mluzi. Akizima plati moja, kasi itapungua, na sauti itaruka hadi ngazi ya tano. Akizima nyingine mbili, huenda ikanyamaza kabisa. Ruko hilo la noti, na si kupanda kwa mfululizo, ndilo alama ya kuaminika zaidi kwamba chanzo ni migongo ya bomba.

Tumeweka hesabu hizi makusudi, ingawa si desturi ya vijitabu vya watumiaji. Zinaonyesha kwamba fundi mwenye kalamu, karatasi na jedwali la mtengenezaji angeweza kuukisia mluzi kabla ya kununua bomba.

Sauti na mtetemo si kitu kimoja

Mluzi ni wimbi ndani ya gesi. Mtetemo ni mwendo wa metali. Cha kwanza huweza kuwapo bila cha pili kufikia kiwango cha kudhuru, na katika majengo ndivyo ilivyo mara nyingi: kelele huudhi, lakini bomba halina dhara. Mamlaka haioni sababu ya kumtia mtu hofu kwa sababu ya mluzi hafifu unaosikika dakika mbili wakati wa kupika chakula cha mchana.

Jambo hubadilika pale sauti inapofanana na marudio ya asili ya bomba lenyewe, au ya kijibomba kidogo kilichounganishwa nalo, kama kile cha kipimo cha presha. Hapo metali huitikia na kuanza kutikisika. Metali inayopindwa huku na huku mara nyingi sana huchoka, hata kama kila pindo ni dogo kiasi cha kutoonekana. Mtetemo wa hezi 800 hufanya mizunguko 2,880,000 kwa saa moja. Jiko linalofanya kazi saa kumi kwa siku litakuwa limefikisha karibu milioni 29 kabla ya wapishi kwenda kulala. Kama mkazo katika metali uko chini ya kiwango ambacho chuma hicho hustahimili, mizunguko hiyo haidhuru kitu hata ikiongezwa mara mia. Ukiwa juu yake, ufa hautasubiri miaka, bali huweza kutokea ndani ya siku au wiki. Ufa hupenda kuanza chini ya bonde, karibu na nati ya mwisho au mahali bomba lilipochomelewa, kwa kuwa ndiko mkazo unakokusanyika.

Mfano mkubwa wa jambo hili hauko jikoni bali baharini. Majukwaa ya kuchimba gesi kaskazini mwa Ulaya hutumia mabomba makubwa ya kupindika kupitisha gesi kati ya chombo kinachoelea na sakafu ya bahari. Ndani yake kuna utepe wa chuma uliosukwa ili bomba lisibonyee, na msuko huo huacha mifereji inayofanana na migongo yetu. Mtiririko ulipoongezwa, baadhi ya mabomba hayo yalianza kuimba kwa sauti iliyosikika juu ya jukwaa. Wahandisi wakayaita mabomba yaimbayo. Wasiwasi wao haukuwa juu ya bomba kubwa lenyewe, ambalo ni imara mno, bali juu ya vijibomba vidogo vilivyounganishwa nalo, ambavyo vingeweza kukatika kwa uchovu. Katika visa vingine suluhisho la muda lilikuwa kupunguza uzalishaji, yaani kupoteza fedha kila siku ili bomba linyamaze. Uchunguzi uliofuata ulibaini pia kwamba kiasi kidogo cha kimiminika kikilowesha kuta za ndani, mluzi hupungua au hufa kabisa. Pasitokee mtu wa kujaribu dawa hiyo jikoni kwake: maji ndani ya bomba la gesi huleta kutu, huziba regulata na huyumbisha moto.

Kutambua chanzo

Mtumiaji anayesikia sauti aanze na swali moja lililo juu ya mengine yote: je, sauti inaendelea baada ya plati zote kuzimwa? Mluzi wa mtiririko hauwezi kuwapo pasipo mtiririko. Majiko yote yakiwa yamefungwa na bado kuna sauti ya kufyonza au kuvuma, gesi inatoka mahali fulani, na hilo ni jambo la dharura hata kama hakuna harufu. Funga vali kuu au vali ya mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toka nje pamoja na wote waliomo, na upige simu ukiwa nje. Nambari ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia sakafuni na kuingia katika mifereji na vyumba vya chini. Gesi asilia ni nyepesi, nayo hupanda na kujikusanya chini ya dari. Usidanganyike kwa sababu hewa iliyo usawa wa pua yako ni safi.

Kinyume chake hakina uhakika uleule. Ukimya baada ya kuzima hauthibitishi kwamba hakuna uvujaji, maana uvujaji mdogo hausikiki. Kwa hiyo, baada ya mluzi wowote uliodumu, viungo vyote vipakwe povu la sabuni huku mfumo ukiwa na gesi na majiko yamezimwa. Kiungo kinachotoa mapovu yanayokua kinavuja. Kiberiti kisitumike kamwe kwa kazi hii, hata kama fundi ameifanya hivyo miaka ishirini na bado yu hai.

Ikiwa sauti husikika majiko yakiwaka tu, sikiliza tabia yake. Inayoruka noti kwa noti imetokana na migongo. Mvumo mzito unaosikika zaidi ukiweka mkono juu ya regulata, usiobadilika noti, kwa kawaida ni wa utando ulio ndani ya regulata hiyo, na hutokana na regulata kuwa ndogo kuliko mahitaji au kuchakaa. Sauti ya kufyonza inayobadilika unapozungusha vali moja ni ya vali iliyofunguliwa nusu. Mngurumo kwenye kichwa cha plati, pamoja na mwali wa njano au unaoruka, ni tatizo la mchanganyiko wa hewa na gesi, nalo halina uhusiano na bomba.

Mguso nao una lake la kusema. Weka kiganja juu ya bomba la kupindika, karibu na nati za ncha zote mbili, wakati sauti iko juu. Ukisikia tu ubaridi wa metali, tatizo ni kelele. Ukisikia mwasho wa kutetemeka, au ukaona kipimo cha presha kikicheza, au nati iliyokazwa wiki iliyopita imelegea, usiendelee kulitumia jiko hilo kwa kiwango kile mpaka limekaguliwa. Bomba lililokwisha kutetemeka hivyo kwa muda libadilishwe hata kama halijavuja, kwa kuwa ufa mchanga hauonekani kwa macho.

Matengenezo ya kukataa

Maneno kwamba presha ni kubwa yana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana yanapotosha. Ukipunguza presha kwenye regulata, gesi itapita polepole na mluzi utanyamaza. Lakini majiko yametengenezwa kwa presha maalumu. Ikishuka, mwali hufifia, huzimika kwa upepo mdogo au sufuria inapofurika, na gesi isiyoungua hutoka. Kufunga nusu vali iliyo kabla ya bomba kuna matokeo hayohayo, tena kwa siri zaidi, kwa kuwa anayekuja baadaye hajui kwa nini vali imeachwa hivyo. Fundi anayenyamazisha bomba kwa njia hizi ameondoa dalili na kuweka hatari mahali pake.

Kulifunga bomba kwa kitambaa, mpira au mkanda ili lisisikike nako kukataliwe. Sauti imo ndani ya gesi na haijali kitambaa, na kifuniko hicho huficha kutu na ufa. Kulipinda kwa nguvu ili kubadilisha sauti huweza kufanikiwa kwa siku chache, kwa gharama ya kuikaza metali mahali pamoja.

Tiba halisi ni kupunguza kasi ya gesi bila kupunguza kiasi chake, na njia yake ni kuongeza upana. Katika mfano wetu wa hoteli, bomba la milimita 20 badala ya 15 hushusha kasi kutoka mita 9 hadi takriban 5 kwa sekunde, kwa sababu eneo la kupitia huongezeka kwa mraba wa kipenyo. Mara nyingi hilo latosha. Pale nafasi inaporuhusu, sehemu kubwa ya njia iwe bomba laini lisilopinda, na bomba la migongo libaki kipande kifupi tu mwishoni, linapohitajika kweli ili jiko liweze kusogezwa kwa usafi. Wapo pia watengenezaji wanaouza mabomba ya kupindika yenye utando laini ndani. Ni ghali zaidi, lakini hayaimbi. Kwa jiko la taasisi linalowaka mchana kutwa, tunaona gharama hiyo si anasa.

Anayewajibika

Swali linaloleta ugomvi ni nani alipe. Muuza bomba atasema bomba halina kasoro, na yumkini asema kweli. Fundi atasema hakuna uvujaji, naye huenda asema kweli pia. Mtazamo wetu ni kwamba aliyechagua kipenyo cha bomba ndiye mwenye jukumu, kwa kuwa mluzi wa kudumu katika matumizi ya kawaida ni ushahidi kuwa kasi ya gesi haikuzingatiwa. Mtumiaji aliyejinunulia bomba mwenyewe kwa bei nafuu na kumwamuru fundi alifunge hana nguvu ya kudai. Ndiyo sababu tunashauri uchaguzi wa vifaa uachwe kwa fundi mwenye leseni, na uwekwe katika maandishi.

Hati ya kazi ionyeshe jumla ya nguvu za majiko yote kwa kilowati, aina ya gesi, presha ya mfumo, kipenyo cha ndani na urefu wa kila bomba la kupindika, pamoja na kiwango cha juu cha mtiririko kilichotajwa na mtengenezaji. Zingatia neno kipenyo cha ndani. Mabomba mengi huuzwa kwa ukubwa wa nati, na nati ya nusu inchi haisemi chochote juu ya uwazi halisi ulio kati ya migongo. Siku ya makabidhiano, washa majiko yote kwa pamoja hadi mwisho na uyaache dakika kumi. Majaribio ya plati moja moja, ambayo ndiyo hufanywa kwa kawaida, hayawezi kuufichua mluzi. Ukisikika, usitie saini mpaka umeandikwa katika hati na tarehe ya kuurekebisha imewekwa.

Kwa mfumo uliokwisha kupokewa, mpe taarifa aliyeufunga kwa maandishi, ukieleza majiko yaliyokuwa yakiwaka, saa, na namna sauti inavyobadilika. Sauti iliyorekodiwa kwa simu itamsaidia sana mkaguzi, kwa kuwa noti zake zinaweza kupimwa na kulinganishwa na urefu wa bomba. Rekodi moja ianzie plati ya kwanza hadi ya mwisho, bila kukatwa, na anayerekodi azitaje kwa sauti anapoziwasha. Kama aliyefunga hajibu au anakuletea suluhisho la kubana vali, peleka malalamiko kwa mdhibiti wa huduma za nishati ukiambatisha hati ya kazi, stakabadhi na rekodi hiyo. Bomba lililotolewa lisitupwe. Lihifadhi likiwa na nati zake, ukiwa umelitia alama upande gesi ilikokuwa ikiingilia.